Nimeiacha Loleza na Shida za Mtaa

Jumamosi jioni, Iringa. Upepo umevuma tangu asubuhi, huu wa Agosti unaopita chini ya mlango na vumbi lake. Miguu inauma, pua imebabuka kwa jua, na nina raha ambayo sijui nimweleze nani. Basi nakuandikia wewe, shajara, maana hujawahi kunikatiza.

Nianze na ukweli: sina hamu na mlima Loleza.

Tangu tuhamie huku, kila anayenipigia kutoka Mbeya huanza na pole. Pole na ugeni, pole kwa kuiacha milima yako. Wanajua nilivyoipenda. Nyumba yetu ilikuwa chini ya Loleza kabisa, na kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nilivaa raba, nikatia chai kwenye chupa na chapati kwenye mfuko, nikapanda. Nilipita mikaratusi, nikapita mashamba ya viazi, mpaka kule juu kwenye minara ya mawasiliano. Baba Zuhura, mume wangu, alikuwa akiwatania wateja wake wa spea pale Uyole kwamba mke wake ana mume wa pili, naye ni mlima.

Mwaka huu duka la spea limehamia Iringa, na sisi tukalifuata. Majirani wakanililia. Mimi nikazipokea pole zao kwa sauti ya chini, kama mfiwa, na moyoni nikisema alhamdulillahi.

Maana Mbeya mtu hapandi mlima bure. Wanaopanda wengi wanakwenda kuomba. Utawakuta nyuma ya mawe wamefunga kula, wengine wanalia, wengine wamelala huko huko na mablanketi yao. Sasa mtaani kwetu wakiniona nashuka kila Jumamosi, uso umetulia, wakajua na mimi natoka kuomba. Niliwaeleza mapema kabisa. Nilisema jamani, mimi Mwislamu wa pwani, nasali nyumbani kwangu, kule naenda kutembea tu. Wakaitikia kwa upole. "Mungu ni mmoja, Mama Zuhu," wakasema, na Jumamosi iliyofuata nikamkuta Mama Atu getini kwake ananisubiri.

Mama Atu ni Mnyakyusa, mtu mzima, mjane, anauza ndizi na maparachichi. Kitindamimba wake, Gwamaka, anaendesha lori la kuvuka mpaka wa Tunduma, na akishavuka simu yake haipatikani miezi. "Ukifika kule juu, mwanangu, nitajie Gwamaka wangu," akaniambia. Nani angekataa?

Akafuata mwingine, mtoto wake anashikwa na degedege. Mwingine mume kahamia kwa mwanamke Mbalizi. Mwingine binti anarudia mtihani kwa mara nyingine. Nikawa napanda na majina ya watu kichwani. Nikifika kwenye minara, badala ya kuangalia bonde, nafumba macho nisimsahau mtu. Siku moja nilimsahau yule wa degedege. Nilikumbuka nikiwa nimeshashuka mpaka kwenye mikaratusi, nikageuza, nikapanda tena juu na jua la mchana utosini.

Kushuka ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Wamesimama kwenye mageti yao, hawaulizi kitu, wananitazama usoni tu. Ningewaambia nini? Mlima haukuwa umenijibu neno.

Nikiri na hili: mwaka wa mwisho nilikuwa nikisikia mvua alfajiri ya Jumamosi, najifunika shuka na kufurahi.

Ndiyo maana huku Iringa nilikaa wiki nyingi bila kupanda popote. Niliogopa nikionekana mara mbili nashuka mlimani, mambo yataanza upya. Raba zikakaa uvunguni.

Jana jioni mama mwenye nyumba wetu, Mama Kihwele, alinikuta nafua. Ni Mhehe wa maneno machache. "Kesho nakwenda Kilolo kuangalia miti yangu," akasema. "Ni kilimani. Utaweza?" Basi. Nikasema nitaweza.

Leo tumeshuka kwenye basi barabarani, naye ametembea mbele yangu, kitenge kimekazwa juu ya gauni, na hajaniuliza dini, kabila wala idadi ya watoto. Tukikutana na watu njiani salamu ni "kamwene" na "kamwene", kila mtu na safari yake. Tulipita mashamba ya njegere, tukaingia kwenye mipaini yake, akawa anaigusa mmoja mmoja na kunung'unika kuhusu wachungaji wa ng'ombe. Kisha tukatokea juu, na milima ya Udzungwa ikawa mbele yetu, mgongo nyuma ya mgongo, misitu mizito mpaka macho yanachoka. Hakuna mlima hata mmoja nilioujua jina. Na hakuna aliyenituma.

Nililia kidogo. Mama Kihwele akajifanya anaangalia miti.

Nilikuwa nimeng'ata chapati simu ilipolia. Mtandao wa kule juu ni mzuri kuliko wa sebuleni kwangu, bahati mbaya. Mama Atu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema na huko kuna milima. Umeshapanda?"

Nikaona nimefuatwa. Hasira ikanipanda, na woga, na yote yakatoka kwa mkupuo mmoja. Nikamwambia nimepanda, hata sasa niko juu, lakini anisamehe, sijamwombea mtu. Nimekuja kula chapati. Na hata Loleza nilikuwa nalitaja jina la mwanawe mara moja tu kwa haraka, kisha namtaja anayefuata. Nikamwambia nimechoka, mama, usinitume tena, nina milima mipya na nataka niitazame.

Nikajua nimemvunja moyo mama wa watu.

Kisha akacheka, mpaka akakohoa.

"Gwe, Mama Zuhu! Mwombaji gani anapanda na chai ya maziwa? Waombaji wanafunga! Kanisani kwetu wamejaa, ningetaka ningewapata. Ila hapa mtaani ukisema neno asubuhi, mchana unaulizwa sokoni. Wewe nikikuambia ulikuwa unaondoka nalo. Unashuka umechoka, husemi na mtu, na mimi roho yangu imepoa. Basi."

"Sasa kwa nini mlikuwa mnanitazama vile nikishuka?"

"Si ulikuwa unarudi umeungua na jua, hata kofia huvai! Tunasema huyu mtoto wa pwani atatufia mlimani."

Nikakaa kwenye jiwe. Miaka yote ile nilidhani wanangoja jibu, kumbe hakuna aliyewahi kulingoja. Nilijisikia mjinga, halafu nikajisikia mwepesi, halafu nikacheka na mimi.

Nikamwuliza, sasa shida zake anamwambia nani.

"Si ndiyo nimekupigia," akasema. Sauti ikashuka. "Gwamaka bado kimya."

Nikamwambia, sema, mama. Akasema muda mrefu: habari ya lori, ya rafiki wa Gwamaka aliyeonekana Tunduma peke yake, ya usingizi usiokuja. Sikumwahidi chochote. Sikukariri jina. Nilisikiliza macho yakiwa wazi, na milima nikaiona yote, hata kivuli cha wingu kilichokuwa kinavuka misitu. Akamaliza, akasema "ndaga fijo", asante sana, akakata.

Nikamalizia chapati yangu, imekuwa ngumu lakini tamu.

Tulipoanza kushuka Mama Kihwele alitangulia kama alivyokuja. Alikuwa amesikia kila neno langu. Tulipofika kwenye njegere akapunguza mwendo, mpaka tukawa sambamba.

"Mama Zuhura," akasema, anatazama njia. "Mimi nina binti yangu yuko Dodoma."

Zamani ningetafuta pa kukimbilia. Leo nilisogeza mfuko kwenye bega la pili nimsikie vizuri.

"Niambie, mama," nikasema. "Mpaka barabarani bado mbali."