Sauti Yako Peke Yake

Lado ndugu yangu,

Naandika mchana huu nikiwa nimeufunga mlango wa studio kwa kufuli, jambo ambalo hatukulifanya hata siku moja ulipokuwa hai. Naogopa. Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia hivyo bila aibu.

Tangu lori la maji likugonge pale mtaa wa Malakia, studio imekua. Kile chumba kimoja cha mtaa wa Atlabara sasa ni vyumba viwili. Magodoro ya ukutani ya kuzuia kelele tumeyatoa. Wasanii ni saba, na redio zinapiga nyimbo zetu bila kuombwa. Ungecheka. Ulizoea kuniita "karani" kwa sababu kila sauti niliyorekodi niliiandika kwenye shajara: siku, saa, jina, hata nani alikosea.

Ukarani huo umeniponza. Nilipohojiwa redioni nilijisifu kwamba sauti yako yote ninayo, peke yake, bila mdundo. "Hata kikohozi chake ninacho," nilisema, na mtangazaji akacheka.

Jumanne wakaja wanaume wawili. Mama Akello, yule Mganda anayeuza chapati hapo nje, aliniwahi: "Wee mtoto, watu mbili iko nakuja na gari ya vioo nyeusi. Wewe ilikula nini ya wakubwa?"

Waliketi kwa adabu. Uchaguzi unakaribia na mzee wao anagombea. Walitaka wimbo ambamo wewe unalitaja jina lake. Nikawaambia marehemu harekodi. Mmoja akatabasamu: "Ya akhu, ndugu yangu, si ulisema sauti yote unayo? Kata, unga." Kisha akaongeza: "Kijana ambaye hakumsifu mkubwa yeyote maisha yake yote, akimsifu mzee wetu, nani atabisha?"

Jumatatu watarudi. Nikishindwa watabeba mashine yenye sauti zako; wana fundi wao.

Nisamehe, Lado. Nilijaribu. Nilifungua shajara nikatafuta silabi moja moja: moja kwenye wimbo wetu wa kwanza, nyingine siku uliyonitukana kwa kuchelewa. Ilichukua asubuhi moja tu. Nikabonyeza, nawe ukalitaja jina lake, tena kwa furaha, kama mtu anayemwita mjomba wake. Nilizima mashine nikatoka nje. Nilidhani nawaogopa wale wawili. Kumbe mikono yangu inatisha zaidi.

Leo nimefuta. Nyimbo zilizokamilika zimebaki, maana humo sauti na mdundo vimeshikana kama chumvi na mchuzi. Lakini sauti zako zisizo na mdundo, maongezi yako, kicheko, mistari uliyoikatiza njiani, hata lile jina nililoliunga, vyote vimekwenda. Nilisikiliza kila kimoja kwanza, kwa mpangilio wa tarehe. Cha mwisho, siku umeme ulipokatika, ulikuwa unaniuliza, "Maze, stima imerudi?" Nikakujibu kwa sauti, humu ndani, peke yangu. Halafu nikafuta.

Sijui watanifanya nini. Lakini nakuahidi: nitawafungulia mwenyewe, na sitasema mashine iliharibika. Nitasema nimefuta kwa mkono wangu, ili wajue hakuna cha kurudi kutafuta, wala kwangu wala kwa mama yako.

Pumzika, ndugu yangu. Sasa umenyamaza kweli, na mimi ndiye niliyekunyamazisha.

Wani