Dawa ya Kidonda Isiyotiwa Maji

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Huku Kiwangwa tu wazima, na baba yako, fundi asiye na mfano, anakusalimu. Umeuliza kama dawa ya kuoshea vidonda ukiipaka bila maji kidonda cha kisigino chako kitapona upesi.

Usijaribu, mama. Baba yako alipokuwa mtoto mdogo hivi, alichanwa muundi na majani ya minanasi. Mimi, msomi wa darasa la saba, nikammiminia dawa tupu. Jirani yangu Mwanaidi, ambaye hakuingia darasani, akauliza, “Shoga, haichanganywi hiyo?”

“Wewe chupa utaisomea wapi?”

“Harufu tu yanichoma macho, sembuse ngozi ya mtoto!”

Akamnyakua mwanangu, akammwagia maji ndoo nzima. Ngozi ilishaanza kubabuka. Ndipo nikaisoma chupa: kipimo cha maji kimeandikwa wazi, nami nilisoma jina tu.

Wewe kioshe kwa maji safi na sabuni, dawa uifuatie kipimo, kikivimba nenda zahanati. Baba yako alipona, likabaki baka dogo. Mpaka leo, nikiwaombea dua wasio ndugu zangu, naanza na Mwanaidi.

Bibi yako akupendaye