Kitanda cha Ukutani

Mpwa wangu kipenzi,

Mjomba wako ni mzima, na mikono yangu bado ina akili kuliko vichwa vya mafundi wote wa mtaa huu. Chumba chetu kimoja sasa ni vitatu. Asubuhi kitanda kinapanda ukutani, mgongoni kwake inashuka meza ya watu sita, na chini kuna droo za viatu. Jirani mshonaji alipoona alikaa chini bila kukaribishwa. Akasema, "Fundi, wewe si mtu wa kawaida." Nikamwambia, "Hilo nalijua, kunywa chai."

Najua mke wangu yuko kwako, na najua amekueleza. Ni kweli, meza niliitengeneza kwa milango ya kabati la marehemu mama yake, bila kumuuliza. Aliporudi kutoka sokoni akaniambia, "Umemkata mama yangu kwa msumeno," akabeba mkoba wake akaondoka. Hapo nilikosea. Nimeandika mara moja, usinitake nirudie.

Milango nimeiunga na kuirudisha kwenye kabati, na meza nimeipa mbao nyingine. Mahali nilipounga huoni hata kwa miwani miwili.

Kasoro ni ndogo. Kitanda kina komeo kushoto na komeo kulia, mikono ya mtu mmoja haifiki kote, na lazima yafunguliwe kwa pamoja ndipo kishuke. Nilikipima kwa watu wawili, sikuwaza kuna siku nitabaki peke yangu. Wiki ya tatu hii nalala kwenye kiti.

La kiti usimwambie. Mwambie tu komeo la kushoto ni lake.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi asiye na mpinzani