Siku ya Kuona Simba

Iguhu, Jumapili

Mwanangu Zipporah,

Hapa tu wazima, na kuku wako mwekundu ameangua vifaranga saba. Nimeificha barua hii ndani ya unga wa wimbi kwa sababu mumeo Patroba anasoma simu yako, lakini ugali hajawahi kusonga.

Mwambie Jumamosi nakuja Nairobi kuwaonyesha wajukuu simba kwenye bustani ya wanyama. Akitaka kuja nasi, mwache. Vaeni nguo mbili mbili, msibebe begi.

Watoto wakishamwona simba, washike mtoke. Kaka yako Nehemiah atangoja langoni na gari. Usigeuke.

Mimi nitasimama njiani. Mkono wako aliuvunja, lakini kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Tuone atapitia wapi.

Ichome hii kabla hujasonga.

Mimi mama yako,
Jerida