Mlango wa Upande wa Blanketi

Migori, Jumanne, 14 Januari 1997. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na baridi kidogo, jua lilichelewa.

Mpendwa Mama Mkwe,

Leo nimeufungua mlango wako kwa nyundo. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye nisingelazimika kumweleza sababu.

Unakumbuka juma langu la kwanza dukani? Nilikuja na cheti changu cha kidato cha nne, nikataka kupanga kila kitu kwa ukubwa. Uliponiona nikisogeza magodoro karibu na majembe ukaniita binti wa Uriri kama kawaida yako, "Nyar Uriri, unataka kuua mtu kwa aibu?" Nilidhani unatania. Ndipo ukanionyesha: wanaume huingia kwa mbele, kwenye majembe, taa na redio. Wanawake huingia kwa upande, kwenye blanketi, shuka na nguo za ndani, ili mwanamume asije akamkuta maro wake, mama mzaa mkewe, ameshika shuka za kitanda. Nikauliza mbona mlango ule hauna kibao. Ukasema, "Anayeuhitaji anaujua," ukaendelea kukunja mapazia.

Ulikuwa ukisikia mwanamume akikohoa tu kule mbele, unamshika mteja mkono: "Mama, njoo uone hizi za maua." Unampeleka ndani zaidi, na mlango uko karibu. Hayo hukunifundisha kwa maneno. Niliyaiga tu.

Tangu tukuzike, mwanao mdogo Okoth anasema kazi yangu ni kuuza, mipango ni yake. Wiki iliyopita aliupigilia mlango misumari ili kona ile ampangishe muuza kaseti. Nilipokataa alicheka. "Shemeji, hapa ni mjini. Nani bado anakimbia maro?" Mume wangu alipiga simu kutoka duka letu la Homa Bay akanisihi ningoje kikao cha familia Jumamosi. Okoth naye amekwisha kusema kwamba nikizidi kubisha nihamishiwe huko Homa Bay, duka hili abaki nalo yeye.

Leo wazazi walifurika kununua masanduku ya shule. Yule mama wa Lambwe, mteja wako wa siku nyingi, alikuwa anajipimia gauni la kulalia juu ya nguo zake. Mara akaingia mume wa binti yake, amekuja na mtoto anayepelekwa bweni Asumbi, wanatafuta godoro. Yule mama alimwona, akakimbilia mlango wa upande, akausukuma kwa bega. Wapi! Akavuta blanketi kwenye rafu, akajifunika kichwa na yote, akaketi sakafuni. Mwanamume akageukia ukuta, akaanza kusoma kalenda kama mtu wa mtihani.

"Baba, si huyo ni dani?" mtoto akauliza, maana alimtambua bibi yake.

"Huyo nani? Nyamaza."

"Lakini viatu ni vya dani!"

Msongamano ukawa mkubwa, hakuna wa kutoka wala wa kuingia. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Okoth, basi mtoe mama kwa dirisha!" Okoth alisimama na kalamu sikioni. Nikachukua nyundo kwenye rafu.

"Shemeji, si tulisema tungoje kikao?"

"Mwambie huyo aliye ndani ya blanketi angoje kikao."

Misumari ilikuwa mirefu, Mama. Nilitokwa jasho mbele ya wateja wote, na sikuona haya. Mlango ulipofunguka alitoka na blanketi begani bila kugeuka. Sijui kama atalirudisha. Sitamuuliza.

Nakukosa sana, hasa saa ya kufunga duka. Lakini leo sikulia. Jumamosi nitakaa kikaoni kama mtu wa duka hili, nitasema yaliyotokea, na sihamii Homa Bay. Nilikuwa nikidhani naulinda mlango kwa ajili yako. Leo nimejua naulinda kwa sababu naijua kazi yangu.

Alasiri muuza kaseti alikuja na futi yake kupima kona. Nikamwambia imeshachukuliwa.

"Imechukuliwa na nani?"

"Na mimi."

Akakunja futi, akaenda zake.

Pumzika, Mama. Huku kuna mtu.

Mke wa mwanao,
Nyar Uriri

Saa tano na robo usiku. Nazima taa, nalala.