Nilimfundisha Mjukuu Wangu Aseme Ulikuwa Mchezo

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na usinicheke mwandiko, niliishia darasa la tatu lakini sare za shule nzima hapa nashona mimi. Mjukuu wangu wa kiume, miaka kumi na tatu, namlea mimi mwenyewe, amemgusa binamu yake wa miaka sita pasipoguswa, tena mara mbili, chumbani kwangu, mimi niko sebuleni nakanyaga cherehani, mlio umemeza kila kitu, habari nikaja kuambiwa na mwalimu wa msichana! Nikampigisha magoti yule kijana aombe radhi, na msichana nikamwambia, "Mwambie kaka umemsamehe, mpe mkono." Akampa huku analia, nikajua yamekwisha. Yamekwisha wapi! Binti yangu, mama wa msichana, akaenda polisi. "Mama, ulimshikisha mwanangu mkono ule?" Tangu hapo hasemi nami. Sasa afisa wa ustawi wa jamii kaniletea karatasi, eti kesi isifike mahakamani, kijana atibiwe mwaka mzima, akae na mtaalamu kila wiki, ila akiri kwa mdomo wake na mimi nitie sahihi kabla ya Ijumaa. Nimeshamfundisha aseme ulikuwa mchezo. Ukoo wetu hauna vichaa, na bibi gani anamchongea mjukuu wake? Nisaini, au nikaze? Usinizungushe, nijibu.

Bibi Fundi

Bibi, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa. Pole sana. Sasa nisikilize. Ulifuta aibu yako kwa mkono wa mtoto wa miaka sita! Na nani kakutajia kichaa? Kijana amefanya jambo baya mno, na bado ana umri wa kutibika. Akishikilia huo uongo wako wa mchezo, tiba haina pa kuanzia, faili linakwenda kwa hakimu, na uliyelipeleka ni wewe.

Mwite leo. Mwambie, "Nilikufundisha uongo. Sema kweli, nitakaa kando yako." Usimtukane. Saini kesho, Ijumaa usiingoje. Msichana asikanyage kwako kijana akiwepo, na muulize afisa huyo msichana naye atatibiwa wapi, maana karatasi yako haikumtaja.

Kwa binti yako usiombe msamaha, huo umeshaulazimisha vya kutosha. Mtumie ujumbe mmoja: "Mwanao hana kosa. Nilikosea mimi." Kisha weka simu chini, hata asipojibu.