Kopo Nililolikataa Mbele ya Watu

Mama,

Nianze na habari za nyumbani, maana wewe hukuwa unasikiliza kitu kingine kabla ya hizo. Paa la jikoni limebadilishwa. Kuku wako, dada Yustina amewahamishia kwake. Wawili wamekufa na anasingizia baridi. Mahindi yamevunwa, si mengi. Mimi sijambo. Mama Osmunda naye ni mzima wa mwili, lakini kilabu chake cha pombe kimekuwa kitupu tangu tulipoanua tanga lako, na aliyekifanya kiwe kitupu ni mimi.

Unaikumbuka ile makala ya bia. Mhariri alitaka niandike bia za viwanda vidogo ninazozipenda mwenyewe, zile zinazopikwa kidogokidogo na fundi anayejulikana, kwa sharti kwamba msomaji wa Songea, wa Bukoba na wa Tanga azikute dukani kwao bila kuagiza. Nilizinunua hapa hapa Majengo kuhakikisha kuwa zimefika. Tulizionja sebuleni kwako Ruhuwiko, ukazimimina kwenye glasi ya chai kwa sababu ulisema chupani hunywa askari. Ile nyeusi yenye harufu ya kahawa ulisema, "Hii ni dawa, waipeleke famasi." Ya tangawizi ilikupalia. Ya asali uliimaliza kimya, kisha ukauliza kama imebaki. Ya ulezi uliishika muda mrefu mdomoni, ukasema, "Ya Osmunda ina mwili zaidi, ila hii imevaa vizuri." Ulikuwa unaitazama lebo.

Makala ilitoka baada ya kukuzika. Ilisomwa sana. Sentensi ambayo watu walinirudishia mara nyingi ni ile niliyosema kwamba uzuri wa bia hizi ni kujua imetoka mikononi mwa nani, kwa kuwa jina la mpishi limeandikwa kwenye chupa. Niliipenda na mimi. Nikaanza kuitumia hata nikiongea.

Siku ya tanga, baada ya misa, nilileta makreti ya bia zile zile. Nilitaka ndugu zako wanywe kitu ulichokionja. Hilo ndilo nililojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka pia waone kazi yangu.

Mama Osmunda alileta pipa la ugimbi, ile pombe yake ya ulezi. Hakuombwa. Aliotesha ulezi mwenyewe, akautwanga, akapika. Ni yeye pia aliyekuosha, Mama, pamoja na Yustina, siku tulipokutoa hospitali. Aliweka pipa chini, akachota kopo la kwanza, akanywa yeye, kama mpishi anavyopaswa. Ndiko kutoa sumu, kuwaonyesha wanywaji kwamba pombe ni salama. Nimekua nikiliona jambo hilo hadi nikawa silioni tena. Kisha akachota la pili, akanyoosha mkono kwangu, mwenye msiba, mbele ya watu wote.

Wakati huo nilikuwa nimefungua chupa ya ulezi na namweleza Mjomba Xaveri kuhusu lebo. Nikamwambia Mama Osmunda, "Subiri kwanza, Mama mdogo, nisichanganye." Nikamgeukia mjomba, nikainua chupa, nikasema, "Hii unajua kabisa imetoka mikononi mwa nani."

Mjomba alilitazama pipa. Mama Osmunda alibaki kidogo na mkono umenyooka, akalinywa lile kopo mwenyewe hadi mwisho, akalifunika pipa. Nilidhani amechoka. Nilimimina bia. Walioulizwa kuhusu ugimbi walisema wanatumia dawa. Niliona, kwa sababu kuona ndiyo kazi yangu, kwamba hakuna mtu aliyekaribia pipa, nikahitimisha kwamba bia zangu zimependwa.

Yustina ndiye aliyenifungua macho, kwa simu, nikiwa nimesharudi Dar es Salaam. Hakuniamkia wala hakuulizia watoto. "Wewe mwandishi wa watu, umemwambia Mama Osmunda kwamba amemuua mama, na umemwambia hadharani."

Nilimwambia hayo ni mambo ya ajabu. Akaniuliza, "Siku moja kabla ya kuugua, mama alikunywa wapi?"

Ulikunywa kwake. Bila shaka ulikunywa kwake, ilikuwa Jumapili. Daktari alitueleza vizuri, mimi na Yustina, kwamba utumbo ulijisokota na kwamba jambo hilo halihusiani na ulichokula wala ulichokunywa. Niliandika maelezo yake kichwani kama ninavyoandika maelezo ya mtu yeyote, nikaridhika, na sikumweleza mtu. Sikujua kuwa mtaani kuna maneno. Yalikuwa madogo, Mama, yangeweza kufa yenyewe. Mimi ndiye niliyeyapa mwenye msiba wa kuyathibitisha. Nilikataa kopo lililokwisha kuonjwa, nikainua chupa, nikasema hii ndiyo ninayojua imetoka kwa nani.

Nimeripoti kesi za watu walioharibiwa majina. Nimeandika kwa utulivu kuhusu walioyaharibu, na siku zote nilijiuliza iweje mtu asijue alichokuwa anasema.

Nilimpigia. Alipokea, akasikiliza yote. "Sina neno na wewe, baba. Maneno unayo wewe." Hakuniita Gaudens. Zamani aliniita hivyo hata aliponigombeza.

Gazetini tukikosea tunachapa masahihisho kwenye kona, kwa herufi ndogo. Nilifikiria kumwandikia Mjomba Xaveri barua aisome baada ya sala ya jumuiya. Yustina alicheka, si kwa furaha. "Ulikataa kwa mkono. Utasahihisha kwa karatasi?"

Kwa hiyo nimekuja. Juzi, watu walipotoka misani, nilisimama na wale wanaume wa jumuiya nje ya kanisa, nikawaeleza alichosema daktari. Nilieleza kama ninavyoeleza habari, bila kupamba. Mmoja aliuliza, "Sasa siku ile mbona ulikataa?" Nikasema nilikuwa najisifia bia. Walitazama chini. Ni afadhali wangecheka.

Kisha nikashuka kilabuni, nao wakinifuata kwa mbali, wakijifanya wana safari zao. Mama Osmunda alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake, pipa limejaa. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia. Nikaomba kopo.

Alichota, akalipeleka mdomoni kwake kwanza.

"Usionje, Mama mdogo. Nipe hivyo hivyo."

"Nisipoonja watasema nini?"

"Watasema nimekunywa bila wewe kuonja."

Akanipa. Ulikuwa umechacha, Mama. Ugimbi usiponunuliwa hauna subira. Nimeandika kuhusu ladha hadi nikalipwa kwa kazi hiyo, na pale nilikuwa nakunywa ukali wa kitu kilichoharibika kwa sababu yangu. Nilimaliza. Nikaomba jingine.

Nje mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Kesho akiamka, na mimi nitakuja." Mwingine akajibu, "Kesho kutwa. Sumu nyingine ni za uvivu." Wakacheka. Mama Osmunda hakucheka. Alichukua kopo, akalisuuza, akasema taratibu, bila hasira, "Hata siku ile ulikuwa na mdomo, baba."

Mtu mzima, mwenye mvi, nimewauliza mawaziri maswali bila sauti kutetemeka, nilisimama pale nikitazama miguu yangu kama siku ile uliponishika nikiiba sukari.

Nilipoaga, akaniuliza basi langu ni lini. Nikamwambia kesho. "Ukiondoka kesho watasema umekwenda kufia Dar," akasema. "Kaa. Wakuone."

Nimeahirisha safari na kumwambia mhariri kwamba nina kazi Songea. Jana nilizunguka sokoni tangu maduka yanafunguliwa, nikanunua vitu nisivyovihitaji, nikasalimiana na kila mtu. Mchana wanaume wawili walikuwa kilabuni, wale wa utani wa juzi. Leo wamekuwa watano. Wote wanamtazama anywe kwanza, tena wanatazama sana, na najua macho hayo nimeyaleta mimi. Sijui yatachukua muda gani kulegea. Yeye bado ananiita baba.

Sikuombi unisamehe, si wewe niliyelikataa kopo lako. Ninachokuahidi ni hiki: kila nitakapofika Songea, kabla sijaingia nyumbani kwako, nitapitia kwake, nitakaa kwenye benchi la mbele linaloonekana barabarani, nitakunywa nitakachopewa. Nitafanya hivyo akiniita Gaudens au asiponiita.

Pumzika, Mama. Asubuhi naenda tena sokoni. Natembea polepole, upande wenye watu.

Mwanao,
Gaudens